Kuzimwa Si Kulala

Tuanze na mchele. Si pishori ya Mwea, ule mwingine: unga unaotiwa kwenye glasi ya mtu akienda msalani, halafu anaamka kesho yake bila simu, bila viatu, na M-Pesa imefagiliwa hadi senti ya mwisho. Mara nyingi huwa ni dawa za jamii ya benzodiazepini, zile zile ambazo daktari anaweza kumwandikia mtu mwenye kifafa au wasiwasi mkali. Sasa sikiza vile tunasimulia: "Walimwekea mchele, akalala." Akalala! Mwili ulikuwa chini, hilo sikatai. Lakini uliza yeyote aliyewahi kupitia hayo kama aliamka akiwa amepumzika. Atakwambia aliamka kama mtu aliyegongwa na lori.

Neno hilo moja, "akalala", limebeba uongo ambao jiji zima linauishi. Tumejiaminisha kwamba usingizi ni swichi tu. Ukitaka kuwa macho unabonyeza hapa: kahawa, kopo la kinywaji cha nguvu, jaba. Ukitaka kuzima unabonyeza pale: chupa mbili tatu, tembe kutoka kwa kemisti asiyeuliza maswali, dawa ya mafua na huna mafua. Swichi zote mbili zinauzwa mtaani mpaka usiku wa manane, kwa hivyo tumeanza kuona usingizi kama kitu cha kununua na kuuza, na mwenye akili ni yule anayetumia kidogo zaidi.

Huo ni uongo, na wanyama wamekuwa wakituonyesha hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Mbwa, paka, panya na kondoo wametiwa nyaya kichwani, wakapewa kila aina ya kemikali, na ubongo wao ukasomwa usiku kucha. Walichotufunza ni hiki: kemikali inayokuweka macho haikuondolei haja ya kulala, na kemikali inayokuangusha si lazima ikupe usingizi. Tunajifanya hatujui kwa sababu kuna watu wanafaidika tukijifanya hatujui.

Mwaka 1909 huko Japani, Kuniomi Ishimori alichukua mbwa waliokatazwa kulala, akatoa kemikali kutoka ubongo wao na kuwapa mbwa waliokuwa wamelala vizuri. Wale mbwa wazima wakasinzia. Karibu wakati huo huo, jijini Paris, Henri Piéron na mwenzake René Legendre walifanya jambo la aina hiyo: walikesha mbwa siku kadhaa, wakachukua maji yanayozunguka ubongo wao, wakayaingiza kwa mbwa wengine, nao wakalala. Fikiria maana yake. Uchovu ulihama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa sindano. Kwa hivyo kusinzia si uvivu, si ukosefu wa maono, na si pepo. Ni kitu kinachojikusanya kichwani kadiri unavyokaa macho. Ni deni, na lina mwili.

Ilichukua miongo mingi kulitaja deni hilo kwa jina. Mwaka 1997 watafiti wa Boston walipima kemikali inayoitwa adenosini ndani ya ubongo wa paka. Paka walipowekwa macho kwa saa 6, adenosini ilipanda katika sehemu ya mbele chini ya ubongo. Walipoachwa walale, ikashuka. Adenosini hutokana na matumizi ya nguvu za seli, yaani kadiri ubongo unavyofanya kazi, ndivyo risiti zinavyorundikana. Risiti hizo zikiingia kwenye vipokezi vyake, ubongo unaambiwa punguza mwendo.

Sasa kahawa hufanya nini? Wengi wanadhani inaongeza nguvu. Haiongezi hata kidogo. Umbo la kafeini linafanana na adenosini kiasi cha kuweza kukaa kwenye kiti chake bila kufanya kazi yake. Inaziba vipokezi. Mwaka 2005 watafiti walitumia panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja cha adenosini, kile kinachoitwa A2A. Panya wa kawaida walipopewa kafeini walikaa macho. Wale wasio na kipokezi hicho waliipokea kama maji, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuziba. Hiyo ndiyo siri yote ya kikombe chako. Adenosini iko pale pale, inaendelea kupanda, na wewe umejaza pamba masikioni ili usisikie mdai akibisha.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuzima simu.

Na pamba hiyo haitoki upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini bado iko mwilini saa 5 hivi baada ya kuinywa. Kopo la saa kumi jioni bado lina nusu yake kichwani saa tatu usiku. Unalala saa tano ukidhani umelala, kumbe usingizi wako ni mwepesi kuliko unavyopaswa kuwa. Asubuhi unaamka umechoka, unanunua kopo lingine, na mwenye kampuni anashukuru sana.

Twende kwa jaba. Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikawa ni kelele. Upande mmoja ulilia vijana wanaharibika. Upande mwingine ulilia wakulima wa Mbeere watakula nini. Vilio vyote viwili vilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini katika kelele hizo zote, swali moja lilikosa mwenyewe: kwa nini kijana wa miaka 22 anahitaji kitu cha kumweka macho saa 18 kwa siku?

Tazama kemia yenyewe. Ndani ya jani bichi la miraa au muguka mna kathinoni, ndugu wa damu wa amfetamini. Haikai sana. Jani likikauka, kathinoni inageuka kuwa kitu dhaifu zaidi, na ndiyo maana zile Hilux na Probox zinatoka Meru zikipaa kama zinafukuzwa: kinachoharakishwa ni kathinoni yenyewe. Ikifika kichwani inaziamuru seli zimwage dopamini, na mlango wa usingizi unafungwa kwa ndani. Dawa za jamii ya amfetamini, ukiwapa paka au panya, zinapunguza hasa ule usingizi ambao Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, aliuita usingizi wa kinyume mwaka 1959, kwa sababu paka alikuwa amelegea kama kitambaa huku ubongo wake ukichapa kazi kama wa aliye macho. Kwa binadamu, huo ndio usingizi ambao ndoto zetu kali hutokea. Na dawa ikiisha, mnyama haendelei na maisha kama kwamba hakuna lililotokea. Ubongo unarudi kuchukua chake: usingizi huo unakuja kwa wingi kuliko kawaida. Mdai alikuwa ameketi mlangoni wakati wote.

Kwa hivyo yule dereva wa usiku anayetafuna kutoka Nairobi hadi Malaba hajashinda usingizi. Ameukopa kutoka kwa abiria wake, na siku ukidaiwa pale kwenye kona, watalipa pamoja.

Hapo ni upande wa kukaa macho. Upande wa kuzima ni mbaya zaidi, kwa sababu huo unavaa nguo za usingizi kabisa.

Mwaka 1952, Abraham Wikler, aliyekuwa akifanya utafiti Kentucky, Marekani, aliwapa mbwa atropini na kupima mawimbi ya ubongo wao. Mashine ilichora mawimbi makubwa ya polepole, yale yale ambayo mtaalamu angeyatazama na kusema huyu amelala fofofo. Kumbe mbwa yuko macho, anahangaika. Ukiangalia karatasi peke yake ungeapa ni usingizi. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba kemikali inaweza kutengeneza sura ya usingizi bila usingizi wenyewe.

Kondoo wa Cambridge walienda mbali zaidi. Katika utafiti uliochapishwa 2020, Jenny Morton na wenzake waliwapa kondoo ketamini. Kwa dozi ya juu kabisa, baadhi yao ubongo wa juu ulinyamaza kabisa kwa dakika kadhaa. Mstari bapa. Hawakufa, na baadaye ubongo ukarudi kufanya kazi. Niambie, katika usingizi gani wa kawaida ubongo hunyamaza hivyo? Hakuna. Ubongo uliolala hauzimi. Unabadilisha kazi: unapiga mawimbi ya polepole, unarusha mishindo midogo ya haraka, unapanga ya leo na kuyaunganisha na ya jana. Ni kama soko la Marikiti usiku, wateja hawapo lakini malori yanashusha mzigo. Ukifunga lango la soko, ni kweli patakuwa kimya. Lakini kesho hakutakuwa na mboga.

Labda utasema ketamini ni mbali, wewe unatumia tembe za kawaida za usingizi. Sawa. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyofanywa na watafiti wa Pennsylvania kwa vitoto vya paka. Kitoto cha paka kikizibwa jicho moja kwa muda mfupi, ubongo wake hujipanga upya, na sehemu kubwa ya kujipanga huko hufanyika akiwa amelala. Walipopewa zolpidemu, dawa maarufu sana ya usingizi, walilala. Muda wao wa kulala haukuvurugika sana. Lakini kule kujipanga upya kwa ubongo kulipungua karibu nusu. Kwa macho, paka amelala. Kwa kazi, malori hayakushusha.

Mwaka 2025 kundi la Maiken Nedergaard wa Denmark likatoa kazi nyingine. Panya akilala usingizi wake wa asili, kemikali ya noradrenalini hupanda na kushuka kwa mawimbi ya polepole, mishipa ya damu inabana na kuachia, na hilo linasukuma maji yanayosafisha ubongo. Wakawapa panya zolpidemu. Panya walipata usingizi haraka zaidi, vile sanduku la dawa linavyoahidi. Lakini mawimbi ya noradrenalini yalishuka kwa nusu, na maji yaliyosukumwa ndani ya ubongo yakapungua kwa zaidi ya asilimia 30.

Wanasayansi wenyewe bado wanabishana juu ya hili la kuosha ubongo. Mwaka 2024 timu ya Imperial College, London, ilipima kwa njia tofauti na kupata kwamba usafishaji katika panya hupungua wakati wa usingizi na wakati wa nusukaputi. Ubishi huo haujaisha, na anayekuuzia neno la mwisho ni tapeli. Lakini ona wanabishana juu ya nini: ni kazi gani hufanyika usingizini. Kwamba unaweza kuangushwa na kemikali na kazi ya usingizi ikaathirika, hilo halitegemei ubishi huo. Vitoto vya paka vilishalionyesha.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika jibu: "Hao ni panya na paka. Sisi ni watu." Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kemia ya usingizi ingeanzia kwetu. Hata nzi wa matunda, akipewa kafeini, hupunguza kulala. Huko Stanford kulikuwa na mbwa aina ya Doberman waliokuwa wakicheza, halafu ghafla wanaanguka na kulegea katikati ya furaha yao. Mwaka 1999 ikagunduliwa kwamba jini moja la kipokezi cha oreksini, kemikali inayoshikilia hali ya kuwa macho, lilikuwa limeharibika. Punde ikabainika kwamba watu wengi wenye ugonjwa kama huo wamepungukiwa na oreksini hiyo hiyo. Kufikia 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya usingizi inayofanya kazi kwa kuziba oreksini. Kutoka Doberman hadi duka la dawa, miaka 15. Kama wanyama si sisi, dawa unazomeza zilijaribiwa kwa nani kwanza?

Mwingine atakuja na tembo. Ni kweli, mwaka 2017 watafiti walichapisha habari za tembo jike wawili wa Botswana waliolala wastani wa saa 2 kwa siku, na kuna wakati walikaa macho saa 46. Wahubiri wa kujituma wanapenda sana hesabu kama hizi. "Ona, hata tembo!" Lakini tembo anakula kutwa kucha kwa sababu mwili wake ni tani kadhaa na chakula chake ni majani. Saa zake 2 ni zake. Popo mdogo wa Amerika Kaskazini hulala karibu saa 20, mbona hamuweki yeye kwenye mabango? Kila mnyama ana kipimo chake, na hakuna aliyebadilisha kipimo chake kwa kusikiliza podikasti.

Na kwa kuwa tumemtaja tembo, tazama daktari wa wanyamapori anavyomshughulikia. Akitaka kumtibu au kumvisha kola, anampiga mshale wenye etorfini, kemikali ya jamii ya morfini lakini yenye nguvu maelfu ya mara zaidi. Tembo anaanguka. Hapo hakuna anayesema "acheni apumzike, amechoka." Mmoja anahesabu pumzi. Mwingine anaweka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili hewa ipite. Macho yanafunikwa kwa sikio lake. Kazi ikiisha anadungwa dawa ya kumwamsha, na watu wanakimbilia gari. Kila mmoja pale anajua kwamba huyu hajalala, amezimwa, na kuzimwa ni hatari inayohesabiwa kwa dakika. Tembo wa Tsavo anapata heshima hiyo. Mlinzi wa usiku kule Pipeline akimeza tembe tatu ili alale mchana na kelele za watoto, tunasema amepata suluhisho.

Hapa ndipo ninataka ubishi, si na wewe unayetafuna au kumeza, bali na wale wanaokupangia maisha yanayohitaji kutafuna na kumeza. Hatuwezi kujifanya kila mtu alichagua. Kijana anayehudumia wateja wa New York kutoka Kahawa West anafanya kazi usiku kwa sababu saa zao na zetu zinapishana 7 au 8. Boda anakesha kwa sababu mkopo wa pikipiki haulali. Na sheria? Agizo letu la jumla la mishahara linasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52. Kwa mfanyakazi wa usiku, isizidi saa 60. Soma tena. Yule ambaye mwili wake unapigana na jua, anayelala mchana kwa vipande, ndiye anayeruhusiwa kufanyishwa kazi saa 8 zaidi. Halafu wanasiasa wanatuimbia uchumi wa saa 24 kana kwamba ni zawadi. Saa 24 za nani?

Na juu ya hayo yote wanakuja wahubiri. "Usingizi ni wa maskini." "Utalala kaburini." Hizo ni stori za jaba, mara nyingine kwa maana kamili ya neno. Tajiri ana chumba chenye pazia nzito, hana muziki wa jirani, na hakuna anayempigia simu saa tisa usiku kuuliza mbona hajafika zamu. Usingizi si wa maskini, bana. Maskini ndiye ameporwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kemikali ni mbaya. Ubongo wenyewe ni kemikali tupu, na adenosini unaijitengenezea. Sisemi pia mtu mwenye kifafa, au anayetibiwa kukosa usingizi, atupe dawa chooni. Dawa za benzodiazepini ukizikata ghafla baada ya kuzizoea unaweza kupata degedege, kwa hivyo hayo ni mazungumzo na daktari. Kuna usiku ambao tembe moja iliyoandikwa kwa makini ni huruma. Ninachokataa ni kugeuza dharura kuwa mtindo wa maisha, kisha mtindo wa maisha kuwa sifa.

Kwa hivyo tudai vitu vinavyoshikika. Saa za kazi ya usiku zishuke chini ya zile za mchana, si kupanda juu yake. Zamu zipangwe mapema na zisigeuzwe kila wiki, ili mwili upate kuzoea. Anayetaka wafanyakazi saa saba usiku alipie saa hizo kwa bei yake halisi, ikiwa ni pamoja na usafiri wa kurudi nyumbani na siku ya kulala. Kemisti anayeuza tembe za usingizi kama peremende afungiwe. Na sisi wenyewe tuache kumpigia makofi mtu anayejisifu amelala saa 3. Tumuulize deni liko wapi na nani amelishikilia.

Na neno lile tulirekebishe. Wakati mwingine ukisikia mtu amewekewa mchele, sema alizimwa. Ukijiona wewe mwenyewe unahitaji kopo ili uamke na tembe ili ulale, hesabu ni saa ngapi za siku yako ambazo bado ni zako.